Pikiniki ya Parc Duden na mwalimu mgeni wa mwaka 1843

   Najua nimekaa kimya muda mrefu, mama kashalalamika, shangazi naye kalalamika... jamani nisameheni, zamu za usiku zilinibana. Leo nimekuja na stori ndefu, kwa hiyo telekeni chai kwanza ndipo mkae msome.

Jumamosi iliyopita tulikwenda pikiniki na watoto wangu wa Kiswahili. Nilishawaambia kwamba mimi na wenzangu wawili tunafundisha watoto Kiswahili kila Jumamosi ambayo sina zamu. Wako kumi na wanne. Wengi wao wazazi wametoka Bukavu, Goma na Lubumbashi, wawili ni wa Burundi, na mmoja baba yake ni mtu wa Mombasa. Mimi sikusomea ualimu, mnajua wenyewe, digrii yangu ni ya uuguzi. Lakini hapa wananiita "mama mwalimu" na nimeshazoea, hata nikiitwa hivyo sokoni nageuka.

Kwa wale ambao bado mnadhani naishi msituni kwa sababu ya jina la Forest: hapana! Forest ni mojawapo ya manispaa 19 za Brussels. Wanaosema Kifaransa wanaiita Forest, wanaosema Kiholanzi wanaiita Vorst, na vibao vya barabarani vinaandikwa majina yote mawili ili mtu asinune. Zamani kweli ilikuwa kijiji nje ya mji, na msitu mkubwa wa Soignes ulikuwa unafika mpaka huku. Kipande kilichobaki ndicho Parc Duden, bustani ya zaidi ya hekta 20 yenye miti mirefu na miteremko mikali. Ukisimama juu unauona mji wote chini yako. Pembeni yake kuna uwanja wa mpira wa Union Saint-Gilloise, wale waliochukua ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2025 baada ya kuukosa tangu 1935. (Kaka, najua hapo ndipo ulipoamka.)

Basi tukatandika khanga chini ya miti. Kulikuwa na sambusa, maandazi na kachumbari, na mama mmoja wa Bukavu alileta sambaza za kukaanga alizonunua Matonge, ile mitaa ya Wakongo kule Ixelles. Watoto walikuwa wakijiviringisha kwenye mteremko mpaka chini, wanapanda tena, wanajiviringisha tena. Mimi nilivua viatu. Zamu nne za usiku nilizotoka kufanya nilizisahau kabisa.

Nikiwa nimekaa namenya machungwa, akaja mtoto mmoja wa miaka saba, mzaliwa wa hapahapa Brussels, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Mama mwalimu, weye uko mugeni huku, ao?" Nikacheka, nikamwambia ndiyo, mimi ni mgeni. Akafikiri kidogo, halafu: "Na siye?" Kabla sijamjibu akawa kashakimbilia mteremko wake. Lakini mimi nilibaki na swali lile, na ndilo limenifanya niandike leo.

Kwanza niwaambie hii bustani yenyewe ilikuwa ya nani. Guillaume Duden alikuwa Mjerumani, mfanyabiashara wa lesi, ambayo Brussels ilisifika nayo dunia nzima. Alitajirika hapa, akanunua shamba hili lenye msitu. Alipofariki, mwishoni mwa karne ya 19, aliliacha kwa Mfalme Leopold wa Pili kwa sharti kwamba liwe bustani ya watu wote. Leopold huyo ndiye yule aliyeimiliki Kongo kama mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, na mnajua watu wa kule waliteseka vipi kwa ajili ya mpira na pembe za ndovu. Sasa fikirieni: shamba la mgeni wa Kijerumani, likapitia mikononi mwa Leopold, na leo watoto wa Bukavu wanajiviringisha humo wakila sambaza. Mimi niliangalia tu nikatikisa kichwa.

Lakini mgeni ninayetaka kuwasimulia hasa ni mwingine, mwalimu wa kike wa Kiingereza. Nilimjua mwaka wangu wa kwanza huku. Mnakumbuka nilifika na vyeti vyangu vyote nikidhani nitaingia wodini wiki ijayo, kumbe kwanza Kifaransa, kwanza vyeti vithibitishwe, kwanza hiki, kwanza kile. Kwenye darasa la Kifaransa tulikuwa watu wazima wa kila nchi, na siku moja mwalimu wetu alitupeleka mjini kutembea. Akatufikisha karibu na jumba la sanaa la Bozar, akatuonyesha kibao ukutani chenye jina Brontë. Akasema: huyu naye alikuja hapa kujifunza Kifaransa, kama ninyi.

Charlotte Brontë alizaliwa 1816 huko Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, mtoto wa mchungaji wa kanisa. Mama yake alifariki 1821, Charlotte akiwa na miaka mitano tu. Mwaka 1825 dada zake wawili wakubwa wakafariki pia, kwa hiyo kati ya wadogo waliobaki yeye ndiye akawa mkubwa. Aliyewalea ni shangazi... samahani, ni mama mkubwa, dada wa marehemu mama yao, jina lake Elizabeth Branwell. Familia haikuwa na fedha. Charlotte na wadogo zake wakapanga wafungue shule yao nyumbani, lakini bila Kifaransa kizuri nani angewaletea wanafunzi? Mama mkubwa akatoa akiba yake. Februari 1842 baba yao akawasindikiza, Charlotte na mdogo wake Emily, mpaka Brussels.

(Hapo kwenye akiba ya mama mkubwa nilipoelezwa nilitokwa na machozi mbele ya darasa zima. Shangazi, wewe unajua kwa nini. Tiketi ile sijaisahau.)

Walifikia kwenye shule ya wasichana ya Madame Heger, mtaa wa rue d'Isabelle. Mumewe, Constantin Heger, ndiye aliyewafundisha Kifaransa, na wanasema alikuwa mwalimu mkali lakini hodari kweli. Charlotte alikuwa anakaribia miaka 26, ameketi darasani na wasichana wadogo. Wenzangu mliorudi shule ukubwani mnaijua ile aibu! Baada ya nusu mwaka wakakubaliana kwamba wabaki bila kulipa, Charlotte afundishe Kiingereza na Emily afundishe muziki. Vuli ile mama mkubwa akafariki nyumbani, wakarudi Uingereza wakakuta mazishi yamekwisha. Emily hakutaka tena kutoka. Charlotte akarudi Brussels peke yake Januari 1843, safari hii kama mwalimu wa kuajiriwa. Mshahara wake ulikuwa pauni 16 kwa mwaka, na humo humo alilipia masomo ya Kijerumani.

Sasa niwe mkweli, sitaki mumwone malaika. Charlotte aliwasema vibaya Wabelgiji. Kwenye barua zake aliwaona wanafunzi wake wazito, wanafiki, watu wasio na moyo. Yeye alikuwa Mprotestanti katikati ya Wakatoliki, Mwingereza katikati ya wasemao Kifaransa, na kila lisilofanana na la kwao aliliona lina kasoro. Niliposoma hayo nilitaka kumkasirikia, halafu nikakumbuka simu zangu za mwaka wa kwanza. Mama, unakumbuka nilivyokuwa nawasema watu wa huku? Wabaridi, hawasalimii, jirani anakupita kwenye ngazi kama wewe ni ukuta. Yaani sisi wawili tungekaa pamoja tungewasengenya mpaka usiku!

Kilichomshinda Charlotte siyo kazi. Kazi ina kengele yake, ina daftari zake, saa inakwenda. Kilichomshinda ni likizo. Agosti 1843 shule ikafungwa, wasichana wakaenda makwao, familia ya Heger nayo ikaondoka, yeye akabaki kwenye jengo kubwa karibu peke yake kwa majuma kadhaa. Akawa anatembea mitaani siku nzima ili tu asirudi kwenye vyumba vitupu. Alikwenda makaburini kumtembelea Martha Taylor, rafiki yake wa ujana aliyefariki hapahapa Brussels Oktoba 1842. Siku ya tarehe 1 Septemba akapita mbele ya kanisa kubwa la Sainte-Gudule, akasikia kengele, akaingia. Na yeye, Mprotestanti, mtoto wa mchungaji, akapiga magoti kwenye kitubio cha Kikatoliki akazungumza na padri. Kesho yake akamwandikia Emily habari hiyo, na akamwomba asimwambie baba.

Ndugu zangu, hapa ndipo niliposimama. Kwa sababu mimi pia nina Agosti yangu ambayo sikuwaambia.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza. Darasa la Kifaransa limefungwa. Watu wa nyumba yetu wamekwenda likizo, ngazi kimya. Hapa mwezi wa saba na wa nane mji unahama, duka la mkate linabandika karatasi mlangoni kwamba watarudi baada ya wiki tatu. Mimi sikuwa na kazi bado, nasubiri karatasi. Kulikuwa na wiki moja ambayo nilihesabu: siku tano sikusema neno na mtu yeyote isipokuwa "asante" dukani. Nikaanza kupanda tramu naenda mpaka mwisho wa njia, nageuza, nakwenda mpaka mwisho wa pili, ili tu nikae karibu na watu. Jumapili mama ukapiga simu, ukaniuliza kama nafurahi. Nikakujibu "namshukuru Mungu, kila kitu kiko sawa". Nilipokata simu nikalala na viatu. Mimi ni muuguzi, najua mtu anayezama anafananaje, lakini mwenyewe sikujiona.

Sikuwaambia kwa sababu niliona aibu. Mmeuza, mmechanga, mmesema dua, halafu niwaambie nalia kwenye tramu? Sasa nimeelewa kwamba Charlotte naye alimwambia mdogo wake akamficha baba. Kumbe ni ugonjwa wa zamani.

Basi Charlotte akaondoka Brussels tarehe 1 Januari 1844. Kulikuwa na jambo jingine pia, nalo nitalisema kwa kifupi maana kuna watoto wanasoma: alikuwa amempenda mwalimu wake Heger, mume wa mtu. Alimwandikia barua kutoka Uingereza. Nne zimehifadhiwa mpaka leo London, nyingine zilichanwachanwa halafu zikashonwa kwa uzi. Shule aliyotaka kuifungua nyumbani haikupata hata mwanafunzi mmoja. Ndipo yeye na wadogo zake wakashika kalamu, na mwaka 1847 kitabu chake *Jane Eyre* kikampa jina duniani.

Na hapa ndipo tunafika kwenye pikiniki. Mwaka 1853, miaka kumi baada ya ile Agosti, alitoa riwaya iitwayo *Villette*. Mji wa Villette ni Brussels aliyoibadilisha jina. Mwenye kusimulia ni Lucy Snowe, Mwingereza asiye na ndugu, anayefundisha wasichana katika shule inayofanana sana na ile ya rue d'Isabelle. Ndani yake ile likizo imo, vyumba vitupu vimo, na kitubio kimo. Lakini kuna sura nyingine ambayo mimi naipenda zaidi. Mwalimu mwenzake, Paul Emanuel, mkali lakini mwenye moyo, aliwaahidi wanafunzi kwamba siku moja atawapeleka kufungua kinywa mashambani. Na asubuhi moja ya mwezi wa tano akaitimiza ahadi. Wakatoka alfajiri kabla ya jua kali, wakatembea kwa miguu, akawasimulia hadithi, wakanywa kahawa na kula vyakula vya shamba. Na Lucy, yule mgeni anayejifungia siku zote kama kabati, siku ile anafurahi. Hakuna jambo kubwa linalotokea pale. Watu wanakula pamoja nje, basi.

Mimi nawaza hivi. Mwanamke huyu aliyewasema Wabelgiji vibaya kwenye barua, alipokaa na kumbukumbu yake kwa miaka kumi, aliamua kwamba wasichana wale wapate asubuhi moja nzuri, na mwalimu mgeni awemo katikati yao. Darasani mgeni ni kazi yake tu: anajua Kiingereza, anajua kuchoma sindano, anajua "ngeli ya M-WA". Kwenye nyasi, akiwa na mkate mkononi, ndipo anakuwa mtu. Na wanafunzi nao wanakuwa watu mbele yake.

Najua shangazi ataniuliza: hivi sisi hatuna wetu mpaka utusimulie Mwingereza? Tunaye! Tena wa kwetu kabisa, Bagamoyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za mashariki, ambako walisoma Wajerumani waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala. Kitabu cha desturi za Waswahili, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni kazi yake. Huko akaoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 akataka kuja nyumbani na mkewe. Serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka melini kuingia nchini. Mtu anazuiwa mlango wa kwao! Wakarudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg kuanzia 1909, lakini pale walitaka awe msaidizi wa kutamka maneno tu, siyo mwalimu kamili. Mwaka 1913 kazi ile ikaisha. Alifia Berlin mwaka 1927.

Charlotte alipochoka aliweza kupanda meli akarudi kwao. Mtoro hakuwa na pa kurudi na mkewe. Ndiyo maana siku hizi nikilalamika kuhusu ngazi zenye kimya, najikumbusha kwamba mimi nina simu, nina tiketi ya kila baada ya miaka miwili, na nina mlango ambao hakuna atakayenizuia, isipokuwa mama akiwa amekasirika, hahaha.

Haya, turudi Parc Duden. Jioni tulipokuwa tunakusanya vyombo, wenzangu wakasema darasa lifungwe kama kawaida mpaka likizo iishe. Zamani ningekubali. Safari hii nikauliza: nani kati ya watoto wetu hasafiri? Tukahesabu. Tisa kati ya kumi na wanne hawaendi popote, tiketi za kwenda Kongo ni ghali na huko mashariki vita haijawapa nafasi ya kutembelea bibi zao. Na wazazi wawili nawajua kabisa kwamba nje ya kazi hawana mtu wa kuongea naye. Basi tukaamua: hakuna daftari, hakuna ngeli, lakini kila Jumamosi ya Agosti saa nane mchana tutatandika khanga palepale chini ya miti. Nimeshabadilishana zamu na wenzangu wodini, nitafanya zamu za Krismasi badala yake. Kwa hiyo mama, Krismasi hii usinipigie asubuhi, nitakuwa nimelala.

Na yule mtoto nilimpata kwenye lango, kaloa majani mwili mzima. Nikamwambia: "Weye si mgeni. Weye ni mtu wa Forest, na mimi ni mgeni wako." Akafurahi sana, akanishika mkono akanivusha barabara kama mwenyeji anavyomvusha mgeni.

Mama, Jumapili hii ukinipigia uniulize tena kama nafurahi. Safari hii nitakujibu ukweli, na itachukua muda, kwa hiyo weka salio la kutosha.

Nawapenda wote. Nisalimieni bibi, mwambieni magoti ayapake mafuta aliyopewa hospitali, siyo yale ya jirani. Tukutane tena hapa siku njema!